Mstari wa Mwisho: Kwa Nini Skripti Ndiyo Ifungue Lahajedwali



Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Wilaya ya Iramba, mkoani kwetu Singida, ina watu 368,131. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta ina watu 236,282. Mtu akiziweka tarakimu hizi mbili katika lahajedwali, seli moja kando ya nyingine, kisha akaandika fomula ya kutoa, atapata upungufu wa watu 131,849. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wametoweka kwa miaka kumi. Fomula aliyoiandika ni sahihi, na tarakimu zote mbili ni sahihi, zimetoka katika vitabu vya sensa. Lakini jibu halina ukweli hata kidogo. Iramba haikukimbiwa na watu. Kilichotokea ni kwamba Mkalama ilimegwa kutoka Iramba ikawa wilaya inayojitegemea, na watu wake 188,733 wakahesabiwa kwa jina lao wenyewe. Ukiwarudisha nyumbani kwa ajili ya ulinganisho, Iramba ya zamani inakuwa na watu 425,015 mwaka 2012, ongezeko la asilimia 15.5. Kwa jirani zao mambo yalikuwa yale yale. Singida Vijijini ilikuwa na watu 401,850 mwaka 2002 na 225,521 mwaka 2012, kwa sababu Ikungi, yenye watu 272,959, ilikuwa imekwisha kutoka. Ziunganishe upate 498,480, na hapo utaona kuwa eneo hilo halikupungua bali lilikua kwa asilimia 24.

Nimeanza na Iramba kwa sababu hoja yangu ya leo ikitajwa peke yake inaonekana ndogo mno. Ni hii: katika ofisi inayotumia lugha ya programu ya takwimu, kama vile R au Stata, lahajedwali lifunguliwe na skripti, yaani faili la amri za lugha hiyo, lisifunguliwe na mkono wa mtu anayepekua folda. Skripti isome data, ihesabu, iandike faili la Excel, kisha katika mstari wake wa mwisho kabisa iiamuru kompyuta ilifungue faili hilo hilo mbele ya aliyeketi. Wengi huuona mstari huo kuwa urahisi tu, namna ya kuokoa mibofyo miwili mitatu ya kipanya. Mimi naona una uzito zaidi ya huo. Faili likifunguliwa kwa njia hiyo, kule kufunguka kwenyewe kunakuwa habari: kunamwambia msomaji kwamba hatua zote zilizotangulia zimepita, na kwamba alichonacho kwenye kioo ni zao la hatua hizo, si la jana wala la mtu mwingine.

Tuvitazame vyombo vyenyewe. Lahajedwali la kompyuta lilianza kuuzwa mwaka 1979 likiitwa VisiCalc, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston. Excel ikatoka mwaka 1985, kwanza kwa kompyuta za Macintosh. Mwaka huo huo wa 1985 ilitoka pia Stata. R ni ya baadaye: ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti ili ifanye kazi, jambo ambalo ofisi ya wilayani, kama ya Kiomboi au Itigi, italithamini siku mtandao unapokatika. Lahajedwali lina sifa ambayo hakuna mtakwimu anayepaswa kuidharau, nayo ni kwamba namba unaziona. Unapitisha jicho juu ya safu, tarakimu yenye sifuri moja ya ziada inajitokeza yenyewe. Ila njia iliyoileta tarakimu ile imejificha nyuma ya seli, na aliyeinakili au kuibandika hakuacha alama yoyote. Skripti huandika njia yote, mstari kwa mstari, lakini kusoma mistari hiyo hakukuonyeshi hali ya data. Mtu makini anavihitaji vyote viwili, na swali ni kipi kimtumikie mwenzake.

Amri yenyewe ni fupi. Katika R kwenye Windows ni neno moja, shell.exec, likifuatwa na jina la faili. Windows hulikabidhi faili kwa programu inayolimiliki, kana kwamba mtu amelibofya. Kwenye Mac amri ni open, na kwenye Linux ni xdg-open, zote zikipitishwa kupitia amri ya R iitwayo system. Kifurushi cha openxlsx, ambacho wengi hukitumia kuandikia mafaili ya Excel kutoka R, kina amri yake ya kufungulia iitwayo openXL. Stata inazo mbili, na tofauti yake inafaa kujulikana: shell husubiri hadi programu iliyofunguliwa ifungwe, ndipo skripti iendelee; winexec huifungua na kuendelea bila kusubiri. Asiyeijua tofauti hii ataona skripti yake imeganda na kudhani kompyuta imeharibika, kumbe inamsubiri yeye aifunge Excel. Au kinyume chake, skripti inayozunguka halmashauri saba za mkoa wetu itamfungulia vitabu saba kwa mpigo, vikigombea kumbukumbu ya kompyuta ambayo pengine ni ndogo. Dawa ni kuandika karatasi saba ndani ya kitabu kimoja na kukifungua mara moja, mwishoni.

Lipo pia suala la njia ya faili. Majina ya mafaili katika ofisi zetu yana nafasi katikati, kama Taarifa ya Robo ya Pili, na amri nyingi za mfumo endeshi hukatia jina kwenye nafasi ya kwanza isipokuwa jina lote limefungwa ndani ya alama za kunukuu. Tena Excel kwenye Windows hulifunga kufuli faili ililolifungua. Ukiirudia skripti kabla hujafunga kitabu cha awali, uandishi utakataliwa. Wengi hukasirishwa na kikwazo hiki; mimi nakikaribisha, kwa kuwa kinazuia mtu kutazama toleo la zamani huku akiamini kwamba limekwisha kubadilika. Na kuna moja linalowashtua wanaoanza: skripti ikiandika fomula ndani ya seli badala ya thamani, matokeo ya fomula hayapo ndani ya faili mpaka Excel ilifungue na kuikokotoa. Programu nyingine ikilisoma faili hilo kabla ya hapo huenda ikakuta seli tupu. Ndiyo maana nashauri skripti iandike thamani zilizokwisha kuhesabiwa, na hesabu yote ibaki ndani ya skripti.

Sasa turudi kwenye folda. Kila aliyefanya kazi ya takwimu anaifahamu folda yenye faili liitwalo taarifa_mwisho, kando yake taarifa_mwisho_2, na chini yao taarifa_mwisho_kabisa. Mwenye haraka hubofya lililo juu. Hakuna kinachomzuia kubofya lile la robo iliyopita, na likishafunguka linafanana na jipya kwa kila kitu isipokuwa namba. Skripti haichagui kwa haraka. Hulifungua faili ambalo imeliandika yenyewe sekunde moja kabla, kwa jina lile lile lililotajwa katika mstari wa juu, na jina likikosewa hakuna kinachofunguka.

Kubofya kuna hatari nyingine ambayo sisi wa Singida tunaweza tusiione mapema, kwa bahati ya tarakimu. Mikoa ya Tanzania Bara ina namba za takwimu: Dodoma ni 01, Arusha 02, Kilimanjaro 03, na Singida ni 13. Mtu akilibofya faili la maandishi lililotenganishwa kwa mkato, Excel hujiamulia kwamba 01 ni namba na kuiondoa sifuri. Akilihifadhi, Dodoma imekuwa 1. Singida inabaki 13, Manyara inabaki 21, na ofisa wa Singida anayeangalia mkoa wake haoni tatizo lolote mpaka atakapounganisha data yake na ya jirani yake Dodoma, ambapo hakuna hata mstari mmoja utakaokutana na mwenzake. Namba za wilaya zinazoanza na sifuri huathirika vivyo hivyo, na namba za simu za wakulima wa alizeti walioandikishwa katika daftari la ushirika hupoteza sifuri ya mbele zote kwa pamoja. Skripti ikiambiwa tangu mwanzo kwamba safu fulani ni maandishi, itaiandika katika kitabu cha Excel kama maandishi, na kitabu kitafunguka kikiwa na 01 yake. Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta iliyowekwa katika mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza, na 04/07/2022 inageuka kuwa Aprili bila mtu kuulizwa.

Ulimwengu mpana una ushahidi mzito kuliko huu. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, makala iliyotajwa sana na watunga sera waliotaka serikali zao zipunguze matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walilichunguza lahajedwali ambalo waandishi wenyewe walikuwa wamempa Herndon. Wakakuta fomula ya wastani ikiishia mstari wa 44 badala ya 49, hivyo nchi tano, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zikawa zimeachwa nje. Haki inanitaka niseme kwamba kosa hilo halikuwa tofauti yote. Kulikuwa na mabishano pia juu ya data zilizoachwa na namna ya kupima uzito wa kila nchi. Lakini kwa miaka mitatu hakuna msomaji wa makala aliyeweza kuliona, kwa sababu mipaka ya fomula huonekana tu kwa anayeibofya seli yenyewe. Mfano mwingine ni wa afya: kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, idara ya afya ya umma ya Uingereza iliwakosa katika taarifa zake watu 15,841 waliothibitika kuwa na virusi vya korona, kwa kuwa data za maabara zilipitishwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Kila mstari uliozidi hapo ulianguka kimya, na waliokuwa wamekutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Hiki ndicho kinachoniuma mimi katika suala hili zima: seli iliyokosekana ni mtu.

Pingamizi la kwanza nalisikia hata kabla halijasemwa. Mkurugenzi anataka Excel, kamati inataka Excel, na wizarani wanataka Excel. Kwa nini tuzunguke kupitia skripti? Jibu ni kwamba hatumnyimi mtu Excel. Hoja yangu yote inaishia kwenye kitabu cha Excel kilichofunguka mezani. Kinachobadilika ni mahali pa kusahihisha. Mkuu akisema jina la kata limekosewa, ofisa asilirekebishe kwenye seli, kwa sababu skripti itakaporudiwa robo ijayo sahihisho hilo litafutwa na kosa litarudi. Alirekebishe ndani ya skripti, airudie kazi tangu juu, na kitabu kifunguke upya kikiwa sahihi. Nakiri kwamba siku ya kwanza njia hii ni ndefu zaidi. Ofisa mwenye kikao saa nne asubuhi na kosa moja la herufi ataona ninamtesa. Kwa taarifa itakayotolewa mara moja tu katika maisha yake, pengine ana haki ya kuona hivyo. Lakini taarifa za halmashauri zinarudi kila mwezi, kila robo na kila mwaka, na kosa lililosahihishwa kwa mkono litasahihishwa kwa mkono kila robo, mpaka robo moja lisahaulike.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hulisema watu wanaoijua kazi. Skripti nayo hukosea, tena hukosea kwa kasi, na kwa kuwa mtu haoni namba katikati ya njia, anaweza kupeleka kosa hadi mwisho akiwa ametulia. Ni kweli. Ukiunganisha majedwali mawili katika R na majina ya wilaya yasifanane, mistari inaweza kupotea bila R kulalamika. Skripti isiyo na ukaguzi haina ubora wowote juu ya lahajedwali. Hapa ndipo mstari wa mwisho unapopata nguvu yake. Wilaya sita za Singida katika sensa ya 2012, yaani Iramba, Singida Vijijini, Manyoni, Singida Mjini, Ikungi na Mkalama, jumla yake lazima iwe 1,370,637. Wilaya nne za mwaka 2002 jumla yake ni 1,090,758. Mwandishi wa skripti aandike sharti hilo kabla ya mstari wa kufungua: jumla isipolingana, simama. Katika R amri ya stopifnot hufanya hivyo. Stata ina assert. Wilaya moja ikianguka njiani, skripti inasimama na kitabu hakifunguki. Aliyekuwa akisubiri Excel ijitokeze anaona kimya, na kimya hicho kinamlazimisha arudi kutazama. Katika folda ya kubofya hakuna kimya cha namna hiyo, kwa sababu faili la zamani lipo siku zote, tayari kufunguka.

Ila sharti hili lina sharti lake. Mtu akiibandika mistari ya R mmoja mmoja kwenye dirisha la amri, kosa katika mstari wa ishirini haliuzuii mstari wa ishirini na moja. Kitabu kitafunguka tu, na ushahidi niliousifu utakuwa batili. Skripti iendeshwe nzima, kwa amri ya source, ambayo husimama kwenye kosa la kwanza. Faili la amri la Stata likiendeshwa lote husimama hivyo kwa kawaida yake. Vilevile skripti inayojiendesha yenyewe usiku kwenye seva isifungue chochote, kwa kuwa hakuna anayetazama. R ina swali la interactive ambalo skripti inaweza kujiuliza kwanza, kama kuna mtu mbele ya kioo au la. Na kwa kuwa amri inayoweza kufungua lahajedwali inaweza pia kufungua programu nyingine yoyote, skripti iliyotoka kwa mtu usiyemfahamu isomwe yote kabla ya kuendeshwa.

Wapo watakaosema haya ni ya vyuo na ya makao makuu, si ya wilayani, kwa sababu ofisa anayejua R akihamishwa, skripti yake inabaki kama barua iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Pingamizi hili linagusa kweli ya utumishi wetu, ambapo uhamisho ni jambo la kawaida. Lakini lahajedwali lililoachwa na aliyehamishwa linaeleweka zaidi? Mrithi wake hukuta karatasi kumi na mbili, rangi za njano na nyekundu ambazo maana yake aliijua mtu mmoja tu, na fomula zinazoelekeza kwenye faili lililoondoka na kompyuta mpakato ya mwenyewe. Skripti angalau inaweza kubeba maelezo. R haijali maelezo yameandikwa kwa lugha gani baada ya alama ya reli, na majina ya safu ndani yake yanaweza kuwa kata, kijiji, kaya, mavuno. Tunacho Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kule Dar es Salaam tangu 1965, na wahitimu wake wamo katika utumishi. Kinachotakiwa ni waandike skripti zao kwa Kiswahili cha kutosha kiasi kwamba mhasibu au ofisa kilimo akizisoma aelewe kilichofanyika hata kama hawezi kuziandika. Mstari unaosema kwamba Mkalama irudishwe Iramba kwa ulinganisho na mwaka 2002 hauhitaji shahada ya mtu ili ueleweke.

Na mstari wa aina hiyo unahitajika tena sasa hivi. Sensa iliyofanyika usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, ya kwanza nchini kwetu kukusanywa kwa vishikwambi, iliukuta Mkoa wa Singida una watu 2,008,058, ongezeko la asilimia 46.5 kwa miaka kumi, wakati taifa lote, kutoka milioni 44.9 hadi 61,741,120, liliongezeka kwa asilimia 37.4. Mkoa umekua haraka kuliko nchi, na kila atakayepanga zahanati, madarasa au visima atataka kujua ni wapi hasa. Ataanza na Manyoni, ambayo kati ya 2002 na 2012 ilikua kwa asilimia 44.5, kutoka watu 205,423 hadi 296,763, ikiongoza mkoa mzima, na atatafuta kama kasi hiyo imeendelea. Lakini tangu hapo Itigi imetoka Manyoni na kuwa halmashauri yake. Asiyeandika hivyo katika skripti, kabla ya mstari wa kufungua, atafunguliwa kitabu kinachoonyesha Manyoni imepoteza watu wake.